Mwongozo kamili: jinsi klabu yenu itakavyokimbia mbio za kupokezana bila kupitwa mkiwa mmesimama

Kila baada ya mbio za kupokezana hapa Nairobi, klabu za mitaani huniletea kilio kilekile: "Tulikuwa na wakimbiaji wazuri, lakini tulipitwa." Nikiuliza walipitwa wapi, si mlimani wala kilomita ya mwisho. Walipitwa wamesimama. Mkimbiaji aliingia kituoni, akaangaza macho huku na huku, mwenzake hayupo.

Maumivu hayo nayajua. Timu yetu iliwahi kupoteza dakika 1 na sekunde 12 kwenye makabidhiano ya tatu. Ndugu yetu alifika mstarini amekunja uso kwa uchovu, kijiti juu, akiita jina la dada ambaye bado alikuwa kwenye foleni ya choo, jaketi mwilini na zipu imefungwa hadi kidevuni. Dada alipotokea mbio, vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi na zipu ikakataa kushuka. Kuzipata sekunde hizo kwa miguu kungetudai mazoezi ya miezi.

Mwongozo huu ni wa timu ya watu sita wanaogawana kilomita 42.195, kwa mpangilio wa mikondo (yaani vipande vya mbio) unaotumika kimataifa: 5, 10, 5, 10, 5 na 7.195. Kama mbio zenu ni za watu wanne au umbali mwingine, hatua ni zilezile. Badilisheni hesabu tu.

## Vitu vya kutafuta kwanza

- Wakimbiaji sita na wawili wa akiba. Wa akiba wafanye mazoezi yote pamoja na wengine.
- Wasaidizi watatu wasiokimbia. Klabu nyingi huruka kipengele hiki, na ndicho kinachoziangusha.
- Kijiti cha mazoezi. Kijiti rasmi kina urefu wa sentimita 28 hadi 30. Mwombeni fundi bomba wa mtaani kipande cha paipu ya plastiki chenye unene wa milimita 40 hivi, na mlainishe ncha kwa msasa.
- Chaki au chokaa ya kuchora mistari, na kipenga.
- Saa ya kupimia muda. Ya simu inatosha.
- Kofia sita za rangi moja inayoonekana kwa mbali. Njano au chungwa. Nyeusi hapana.
- Mifuko sita yenye majina, kila mmoja na jaketi, soksi kavu, maji, ndizi na pini nne za namba ya kifuani.
- Karatasi ya ratiba, iliyochapishwa. Msitegemee kikundi cha WhatsApp peke yake.

Mweka hazina akusanye michango na kulipa ada ya kujiandikisha mapema. Sina zaidi ya kusema kuhusu pesa.

## Hatua ya 1: Jueni mnachopokezana

Someni kanuni za waandaaji mstari kwa mstari. Zipo mbio zinazotumia kijiti, zipo zinazotumia mshipi unaovaliwa begani, na zipo ambazo kinachopita mkononi ni mkanda wenye chipu ya kupima muda, unaofungwa kwenye kifundo cha mguu. Nyingine ni kugusana mkono tu. Kila kimoja kina namna yake ya kukabidhi, na mazoezi ya kijiti hayatawafaa siku mtakapokuta mkanda wa kunata unaohitaji kuinama.

Kama ni chipu ya kifundoni, ulizeni kama inaruhusiwa kushikwa mkononi au kufungwa kwenye kiganja. Swali hilo dogo linaweza kuwaokolea sekunde 10 kila kituo, na vituo ni vitano.

Ulizeni pia urefu wa eneo la makabidhiano. Kwa kanuni za kimataifa za barabarani, eneo huanza mita 10 kabla ya mstari wa kituo na kuishia mita 10 baada yake, na makabidhiano lazima yakamilike ndani ya mita hizo 20. Ulizeni mwisho wa kubadilisha majina ni lini.

Onyo: Msimpe mtu namba iliyoandikishwa kwa jina la mwingine bila kuwaambia waandaaji. Mtu akianguka njiani, wahudumu wa afya hufuata taarifa za namba ile kujua ni nani na wampigie nani simu. Watampigia mke wa mtu mwingine.

## Hatua ya 2: Pimeni kila mtu kwa kilomita 5, siku moja, mahali pamoja

Fanyeni hivi wiki nne kabla ya mbio. Msikusanye muda ambao kila mmoja ameuona kwenye simu yake akikimbia peke yake. Mmoja alikimbia Kasarani kwenye tambarare, mwingine kwenye miteremko ya Ngong, na namba zao hazilinganishiki.

Uwanja wa mita 400 ndio bora: mizunguko 12 na nusu. Msipoupata, nendeni msitu wa Karura asubuhi mapema na mkimbie njia moja wote. Lakini jihadharini na saa zinazopima umbali kwa setilaiti, kwa sababu chini ya miti mirefu hukosea. Karura itawaambia nani ni mwepesi kuliko nani. Muda kamili wa kupangia ratiba upimeni uwanjani au barabarani.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na anayefyatuka kwenye kilomita ya kwanza halipi deni lile hadi mwisho. Kwa hiyo andikeni muda wa kila kilomita, na si jumla pekee. Anayekimbia kilomita ya kwanza kwa dakika 4:10 na ya tano kwa 5:30 hamjapima uwezo wake. Mmepima haraka yake.

Mtajua kipimo ni sahihi mkikirudia siku kumi baadaye na kila mtu akawa ndani ya sekunde 30 za muda wake wa kwanza.

## Hatua ya 3: Gaweni mikondo kwa hesabu

Hapa ndipo ugomvi huanzia, basi tumieni namba ziwaamulie. Kukadiria muda wa kilomita 10, chukua muda wa kilomita 5 uzidishe kwa 2.085. Kwa kilomita 7.195, zidisha kwa 1.471. Mwenye dakika 25:00 atatarajiwa kumaliza 10 kwa takriban 52:07. Makadirio haya yanamhusu mtu aliyezoea kukimbia masafa hayo. Ambaye hajawahi kupita kilomita 6 msimpe 10, hata akiwa mwepesi namna gani.

Tuseme timu yenu ina watu wenye muda wa kilomita 5 kama ifuatavyo: 21:00, 22:00, 24:00, 25:00, 27:00 na 29:00. Wepesi wawili wa kwanza wanachukua mikondo ya kilomita 10 (43:47 na 45:52). Wa tatu anachukua 7.195 (35:18). Waliobaki wanagawana mikondo ya 5. Jumla ni saa 3, dakika 25 na sekunde 57.

Sasa tazameni kosa linalorudiwa kila mwaka. Klabu inamweka mtu wa 21:00 kwenye mkondo wa kwanza wa kilomita 5 "ili tuongoze", hivyo wa 24:00 anasukumwa kwenye 10 na wa 25:00 kwenye 7.195. Watu ni walewale, miguu ni ileile, na jumla inakuwa saa 3, dakika 29 na sekunde 40. Dakika 3 na sekunde 43 zimetupwa kabla mtu hajafunga kamba za viatu, na kuongoza kwenyewe kumedumu dakika 21.

Mkondo wa kwanza mpeni mtu mtulivu, asiyevutwa na umati. Mpango wangu wa timu hiyo ungekuwa: 25:00 aanze, 22:00 akimbie 10 ya kwanza, 29:00 afuate, 21:00 achukue 10 ya pili, 27:00 mkondo wa tano, na 24:00 amalizie.

Mkondo wa mwisho haugawanywi kwa heshima. Mwenyekiti akiutaka kwa sababu ya picha za mstarini, muonyesheni hesabu hii kwa adabu. Wengi huelewa wakiiona imeandikwa.

## Hatua ya 4: Mazoezi ya makabidhiano

Kama mna nafasi ya kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanyeni hili. Tengeni dakika 15 kila Jumamosi, kwa wiki nne, baada ya mbio ndefu. Nasisitiza *baada*. Kupokezana mkiwa hamjachoka ni rahisi mno na hakuwafundishi chochote, kwa kuwa siku yenyewe anayeingia kituoni atakuwa haoni vizuri na mikono imekuwa mizito.

Chora mstari wa kituo kwa chaki. Hesabu mita 10 kila upande na uchore mingine miwili. Halafu fuateni mpangilio huu.

Kwanza, mkitembea. Anayeingia anashika kijiti mkono wa kulia, sehemu ya chini, kimesimama wima. Anayepokea amegeuza kichwa na bega nyuma, mkono wa kushoto umenyooka usawa wa bega, kiganja wazi, kidole gumba juu. Kijiti kinasukumwa katikati ya kiganja. Anayetoa *hakiachii* hadi ahisi kinavutwa. Anayepokea akishaondoka anakihamishia mkono wa kulia, ili na yeye akifika mbele akitoe kwa mkono uleule. Rudieni mara kumi kwa kila jozi.

Kwa nini anayepokea aangalie nyuma, wakati wale wa mita 100 kwa wanne hupokea bila kutazama? Kwa sababu wale huingia bado wana kasi inayojulikana. Wa kwenu ametoka kukimbia kilomita 10. Atakuja kwa kasi yoyote atakayobaki nayo, na ni kazi ya macho ya anayepokea kuipima.

Pili, mkikimbia polepole. Sasa anayepokea anaanza kusogea mwenzake akiwa hatua tano nyuma yake. Akianza mapema mno, aliyechoka atamfukuza na kijiti mkononi hadi nje ya eneo. Akichelewa, watagongana. Jozi kila moja itafute hatua zake, kwa sababu mwenye miguu mirefu akimpa mfupi haiwi sawa na kinyume chake. Ziandikeni.

Tatu, mkiwa mmechoka. Anayeingia anakimbia mita 600 kwa nguvu kabla ya kukabidhi. Hapa ndipo mtaona ukweli. Kwenye kikosi chetu, mkono wa mmoja wetu ulikuwa ukishuka hadi kiunoni kila akichoka, na mpokeaji wake alikuwa akishika hewa mara mbili kabla ya kukipata. Tulimfundisha neno moja: mpokeaji anapaza sauti "Juu!" na mkono unapanda. Chagueni neno lenu, liwe fupi, na mlitumie kila Jumamosi hadi mwili ulitii wenyewe.

Anayetoa akimbie *kupita* mstari. Watu hupunguza kasi mita 15 kabla, kana kwamba mstari ndio mwisho wa safari. Akishatoa, anyooke mbele kidogo kisha atoke pembeni bila kumkata mtu wa timu nyingine.

Kama ni mshipi, auvue akiwa na mita 200 hivi kufika, aunyooshe kwa mikono miwili, na mpokeaji aunyakue katikati na kuuvaa akiwa tayari anakimbia. Kama ni chipu ya kifundoni na hairuhusiwi kushikwa, basi msaidizi asisogee. Mwenye kutoa apige goti moja, afungue mwenyewe, na mpokeaji awe amesimama mguu mbele. Jaribuni mikono ikiwa na jasho. Mkanda wa kunata ukiwa na uchafu haushiki.

Onyo: Kijiti kikianguka, aliyekiangusha ndiye anayekiokota. Wasaidizi wasiguse. Zoezeni hili pia: kiangusheni makusudi mara mbili kila Jumamosi, ili siku kikianguka kweli pasiwe na watu wawili wanaoinama na kugongana vichwa.

Mtajua mmefaulu mkipima muda kutoka mtoaji anapoingia kwenye mstari wa kwanza hadi mpokeaji anapotoka kwenye wa mwisho. Kwa mwendo wa dakika 5 kwa kilomita, mita 20 ni sekunde 6. Jozi iliyochoka ikimaliza ndani ya sekunde 8, mara tano mfululizo, imeiva.

## Hatua ya 5: Andikeni ratiba ya saa za ukutani

Chukueni makadirio ya hatua ya 3 na myageuze kuwa saa. Mbio zikianza saa 12:30 asubuhi, timu yetu ya mfano itapokezana hivi:

- Kituo cha 1: saa 12:55
- Kituo cha 2: saa 1:41
- Kituo cha 3: saa 2:10
- Kituo cha 4: saa 2:54
- Kituo cha 5: saa 3:21
- Kumaliza: saa 3:56

Kila mkimbiaji aandikiwe nyakati tatu zake. Dakika 30 kabla ya kupokea: choo, kisha kupasha mwili moto. Dakika 10 kabla: yuko ndani ya kituo, jaketi imefunguliwa zipu. Dakika 3 kabla: jaketi kwa msaidizi, mguu mstarini. Foleni za vyoo ni ndefu, na asiyeenda dakika 30 kabla asiende tena.

Ratiba hupotoka. Ndiyo maana tunahitaji mtu wa mita 500. Msaidizi mmoja anasimama nusu kilomita kabla ya kituo, anaiona kofia ya njano ikija, na kupiga simu ya kawaida kwa msaidizi aliye kituoni: "Anakuja." Kwa mwendo wa dakika 5, mita 500 ni dakika 2 na nusu, muda wa kutosha kuvua jaketi na kusogea mstarini. Ujumbe wa intaneti msiutegemee, maana maelfu ya watu wakiwa mahali pamoja wote wanatuma picha. Simu ikikataa, msaidizi wa kituoni akae mahali anapoweza kusikia kipenga au kuona bendera.

Kama vituo viko kandokando ya barabara na si kwenye mzunguko mmoja, kuna jambo la usafiri. Barabara hufungwa mapema, matatu hubadilisha njia na bodaboda hairuhusiwi kukatiza. Mkimbiaji wa kituo cha mbali afike kabla barabara haijafungwa, hata kama zamu yake ni saa tatu baadaye. Nendeni Jumapili moja kabla, mkatembelee kila kituo kwa miguu: choo kiko wapi, kivuli kiko wapi, anayetoka anarudije.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe

Anayekimbia mkondo wa kwanza ale saa 10 alfajiri: chai, mkate, basi. Wa mwisho ana tatizo tofauti. Atapokea saa 3:21, hivyo ale kifungua kinywa chake saa 12, ndizi moja saa 2, na anywe maji kidogo kidogo. Nimeona wakimbiaji wa mwisho wakishinda njaa tangu alfajiri kwa sababu wamekula na wa kwanza, kisha wakaishiwa nguvu kwenye kilomita ya nne.

Asubuhi za Juni na Julai Nairobi ina baridi ya kuuma. Anayengoja avae sweta, jaketi na suruali ndefu juu ya kaptura, na asikae chini kwenye nyasi zenye umande. Mwili uliopoa huanza mkondo kama gari lililolala nje. Wakati wa masika beba soksi za ziada na kitambaa cha kukausha kijiti.

Mpokeaji akishashika kijiti, asifyatuke. Atakuwa amepumzika, watu wanashangilia, na aliye mbele yake anaonekana wa kushikika. Kilomita ya kwanza ikimbiwe kwa mwendo uliopangwa, hata polepole kwa sekunde 5. Timu yenye watu sita waliokimbia sawasawa huwapita wengi kwenye kilomita ya nne ya kila mkondo.

## Mambo yakienda mrama

Mkimbiaji akiumia njiani, asimame. Msaidizi aende kwake na nahodha awaarifu waandaaji. Msimtume mtu mwingine amalizie kipande chake bila ruhusa, kwa maana timu itaondolewa.

Mpokeaji asipoonekana, anayeingia asitoke nje ya eneo kumtafuta. Asimame kwenye mstari, ainue kijiti juu, na aite jina la *klabu*. Kwenye umati mna akina Wanjiku na Otieno kadhaa, lakini jina la klabu yenu ni moja.

Mtu wa akiba akihitajika asubuhi ileile, achukue mkondo wa yule aliyekosekana ukiwa wa kilomita 5. Ukiwa wa 10, sogezeni mzoefu mmoja kwenye 10 ile na wa akiba akimbie 5 iliyobaki wazi, mradi kanuni zinaruhusu kubadilisha mikondo.

Mkishamaliza, kabla watu hawajapanda matatu kurudi nyumbani, msaidizi wa kila kituo aandike kwenye ile karatasi ya ratiba vitu viwili: saa mkimbiaji alipoingia, na sekunde alizotumia kwenye makabidhiano. Kituo chochote kilichozidi sekunde 10, jozi yake ndiyo itakayoanza mazoezi ya Jumamosi inayofuata.